UFA AU MTEGUKO? Ukingo wa Udzungwa huko Chita na udongo wa mfinyanzi uliomo ndani ya miamba

Mtu asafiriye kwa gari moshi kutoka Ifakara kwenda Mlimba huona nchi mbili zisizochanganyika. Upande wake wa kushoto umelala uwanda wa mto Kilombero, tambarare kabisa, wenye mashamba ya mpunga na matete, ambao wakati wa masika hufunikwa na maji kwa sehemu kubwa. Upande wake wa kuume imesimama milima ya Udzungwa. Milima hiyo haianzi kwa vilima vidogo vidogo vinavyokua polepole, bali huinuka ghafla kama ukuta. Chita iko pale pale ukuta unapokutana na uwanda. Uwanda uko kiasi cha mita 300 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Luhombero, kilicho kirefu kuliko vyote katika Udzungwa, chapita mita 2,500. Mto peke yake hauwezi kuchonga ukuta mrefu na ulionyooka namna hiyo. Nchi yenyewe ilikatika hapo, upande mmoja ukashuka na mwingine ukabaki juu.

Katika makala haya nataka kueleza jinsi wataalamu walivyokuja kuufahamu ukingo wa namna hii, na hasa jinsi walivyotambua, baada ya kubishana miaka mingi juu ya mambo mengine, kwamba nguvu ya mkatiko mkubwa kama huu hutegemea utando mwembamba wa udongo wa mfinyanzi uliofichika ndani ya mwamba. Jambo hili ni la elimu ya miamba, lakini lina upande wake wa lugha. Neno tulilozoea kulitumia, yaani ufa, laficha lile lililo kubwa kuliko yote katika habari hii, na nitajaribu kuonyesha kwa nini yafaa tupate neno jingine kando yake.

I. Mahali penyewe

Mwamba wa Udzungwa kwa sehemu kubwa ni naisi, yaani mwamba uliopikwa na kukandwa chini sana ya ardhi, hata madini yake yakajipanga kwa mistari ya rangi nyeupe na nyeusi. Mapishi ya mwisho makubwa ya miamba hiyo yalikwisha fanyika zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Baadaye sana, katika zama ambazo wataalamu huziita Karoo, nchi hii ilianza kuvutwa na kukatika, na katika bonde la Kilombero bado imo miamba ya mchanga na matope yaliyotulia katika mabonde ya wakati huo, yapata miaka milioni 250 hadi 300 iliyopita. Kisha, katika zama zilizo karibu nasi, mikatiko ile ya kale ilifufuliwa, na bonde la Kilombero likawa mojawapo ya mikono ya kusini ya Bonde la Ufa. Kwa hiyo ukingo wa Chita si wa umri mmoja. Ni jeraha la kale lililofunguka tena mahali pale pale.

Mito mifupi ishukayo kutoka milimani imemwaga mawe na mchanga chini ya ukingo, ikafanya ardhi iliyoinuka kidogo, yenye umbo la upepeo. Ralph Jätzold na Eckhard Baum, waliotoa kitabu juu ya bonde hili mwaka 1968, waliandika habari za uwanda huu wa mafuriko pamoja na kingo zake. Msomaji anayetaka kujua maisha ya wakulima wa hapo, Wandamba, Wapogoro, Wabena na wengineo, hana budi kuanza kwa kufahamu tofauti ya ardhi hizo mbili. Uwanda hutoa mpunga, na ukingo hutoa maji na mahali pa kujenga pasipofikiwa kwa urahisi na mafuriko. Watu wanakaa juu ya mkatiko kwa sababu mkatiko ndio uliowapa nchi ya kukaa.

II. Mvutano au mbano?

Mwaka 1879 kijana wa Kiskoti, Joseph Thomson, aliyekuwa amesomea elimu ya miamba huko Edinburgh, aliongoza msafara kutoka pwani kwenda Ziwa Nyasa baada ya mkuu wake, Keith Johnston, kufa njiani huko Behobeho. Thomson alitazama miamba kama mtu aliyefundishwa kuitazama, lakini wakati wake hakuna aliyekuwa na picha ya Afrika ya Mashariki nzima. Picha hiyo ilichorwa kwanza na Eduard Suess wa Vienna mwaka 1891. Suess mwenyewe hakufika huku. Alizikusanya habari za wasafiri, hasa za msafara wa Teleki na von Höhnel wa mwaka 1887 na 1888, akaona kwamba mabonde na maziwa yaliyopangana kwa safu ni alama za mkatiko mmoja mkubwa, na akasema kwamba nchi ilikuwa ikivutwa ikakatika.

John Walter Gregory alikuja mwaka 1893, akafika Baringo, akayaona kwa macho yale Suess aliyoyasoma. Kitabu chake cha mwaka 1896 ndicho kilicholieneza jina la Kiingereza ambalo Kiswahili kimelifasiri kwa maneno Bonde la Ufa. Mwaka 1921 alitoa kitabu cha pili, akashikilia neno lake lile lile kwamba nchi imeshuka kati ya mikatiko miwili iliyo sambamba.

Wengine hawakukubali. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya uchunguzi wa miamba ya Uganda, alipochunguza nchi ya Ziwa Albert aliona kwamba kingo zilikuwa zimebanwa na kupandishwa juu ya bonde. Mmarekani Bailey Willis, aliyesafiri huku mwaka 1929 na kutoa kitabu mwaka 1936, naye alishika upande wa mbano. Mwaka huo huo wa 1936 Edward Bullard alitangaza vipimo vyake vya nguvu ya uvutano wa dunia alivyovichukua Afrika ya Mashariki. Aliona kwamba nguvu hiyo imepungua juu ya mabonde, naye akadhani kwamba ni mbano tu uwezao kuyashikilia mabonde chini namna hiyo.

Ubishi huu uliendelea miaka mingi, mpaka elimu ya mwendo wa mabara ilipopata nguvu katika miaka ya 1960, na baadaye vyombo vya angani vikaweza kupima mwendo wa nchi yenyewe. Leo hapana shaka kwamba Afrika ya Mashariki inavutwa, na kwamba pande zake zaachana kwa milimita chache kila mwaka. Suess na Gregory walikuwa na haki katika jambo hilo. Lakini tuangalie walichokuwa wakibishania. Pande zote mbili ziliuliza juu ya nguvu zilizo nje ya mkatiko, yaani kama nchi inavutwa au inabanwa. Swali la kitu kilichomo ndani ya mkatiko halikupewa nafasi kubwa, ingawa wachimbaji wa madini walikuwa wakikishika kwa mikono yao kila siku.

III. Maneno yalikotoka

Majina ya kitaalamu ya mambo haya hayakutungwa na maprofesa. Neno la Kiingereza la kuitia mikatiko ya miamba, ambalo kwa asili lina maana ya kosa au upungufu, lilienea kutoka kwa wachimbaji wa makaa ya mawe. Walikuwa wakifuata tabaka la makaa, ghafla likawapotea, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa umeshuka au umepanda. Neno la Kifaransa nalo lilitoka kwa wachimbaji wa makaa wa nchi ya Wallonia. Wajerumani, waliotawala huku mpaka Vita Kuu ya kwanza, waliliita bonde letu Graben, yaani mtaro. Kila taifa lilichukua neno la watu wa kazi na kulipandisha cheo.

Sisi tulichukua ufa. Ni neno zuri na la kale, na kila Mswahili ajua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa ni nafasi. Ukuta wenye ufa umefunguka, na mwanga waweza kupita. Mpasuko, neno jingine litumikalo, nalo latokana na kupasuka, yaani kuachana kwa kitu kilichokuwa kimoja. Maneno yote mawili yaeleza kufunguka, wala hayaelezi kuteleza. Basi mtu wa Chita akiambiwa kwamba anakaa juu ya ufa wa dunia, atautafuta huo ufa. Atautafuta katika mwamba na katika shamba, asiuone, kwa kuwa haupo. Naye atakuwa na haki ya kusema kwamba hadithi hiyo haimhusu.

Ukweli ni kwamba pande mbili za mkatiko hazikuachana. Zimebanana kwa uzito wa kilomita nyingi za mwamba, na katika kubanana huko zinatelezeana. Kati yake hakuna nafasi tupu. Kuna kitu kilichosagwa.

IV. Chenga, unga, na ulanga

Bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga, na lugha ya kukoboa na kusaga ndiyo ifaayo kuliko zote kueleza kinachotokea. Mkatiko unapoteleza mara ya kwanza, miamba ya kingo zake hupasuka vipande vipande vyenye pembe kali, hivyo twaweza kuviita chenga za mwamba. Ukiendelea kuteleza, chenga husagana zenyewe kwa zenyewe kama kati ya mawe mawili ya kusagia, mpaka ziwe unga. Mahali penye mikatiko mikubwa unga huo waweza kuwa na unene wa sentimita chache tu au mita kadhaa, na ndani yake huonekana nyuso laini zinazong'aa, zenye michirizi inayoonyesha upande ulikoelekea mtelezo.

Hapo ndipo maji yaingiapo. Naisi ina madini ya feldispa, kwatzi na ulanga. Neno hili la ulanga, ambalo kamusi zetu zalieleza kuwa ni madini yenye matabaka membamba ya kung'aa, nalipenda sana katika habari hii, kwa kuwa ni neno letu wenyewe tena ni sahihi. (Sidai kwamba jina la Ulanga, lililopewa mto huu na wilaya jirani, lina asili moja nalo. Kufanana kwa maneno si ushahidi wa ukoo.) Mtu akishika kipande cha ulanga aweza kukibandua kwa kucha, ubale baada ya ubale. Madini ya udongo wa mfinyanzi yana umbo lile lile la bale zilizopangwa, ila bale zake ni ndogo mno, hazionekani kwa macho.

Mwamba mzima huyapinga maji, lakini mwamba uliosagwa una nyuso nyingi mno za kushambuliwa. Maji ya moto yapitayo katika unga huo huigeuza feldispa kuwa kaolini, ambayo ni udongo mweupe kama ule wa vilima vya Pugu, au kuwa smektaiti, nao ulanga huweza kugeuka kuwa ilaiti. Kati ya hayo smektaiti ndiyo yenye tabia ya ajabu, kwa sababu hupokea maji katikati ya bale zake, ikavimba. Kila mkulima aijua, ingawa hakuijua kwa jina hilo, kwa maana ndiyo iliyomo kwa wingi katika udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kunata masika, ukamtelezesha mtu na ng'ombe pamoja.

Ilaiti nayo ina faida kwa mwanahistoria. Ndani yake mna potasiamu, ambayo sehemu yake ndogo hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa kiasi kijulikanacho, na kwa kupima gesi hiyo wataalamu waweza kukadiria ni lini udongo ule ulifanyika. Kwa hiyo unga wa mkatiko ni kama hati. Ukingo kama wa Chita, ulioteleza zama za Karoo na kuteleza tena zama zetu, waweza kuwa umeandika tarehe zake katika udongo wake.

V. Kipimo cha utelezi

Mwaka 1978 James Byerlee alikusanya majaribio mengi ya kutelezesha mwamba juu ya mwamba. Aliona jambo la kushangaza, kwamba aina ya mwamba haileti tofauti kubwa. Iwe naisi, iwe chokaa, nguvu ya kutelezesha hukaa kati ya sehemu 60 na 85 kwa kila sehemu 100 za nguvu inayokandamiza. Lakini kanuni hiyo haikuyatawala madini ya mfinyanzi. Smektaiti iliyolowa huweza kuteleza kwa sehemu 10 hadi 20 tu. Mlima mzima, basi, waweza kuwa na nguvu ya naisi mahali pote isipokuwa katika utando wenye unene wa kiganja, na utando huo ndio utakaoamua.

Jambo hili lilithibitika California. Kati ya 2004 na 2007 wataalamu walichimba shimo kufikia mkatiko wa San Andreas karibu na Parkfield, wakatoa udongo kutoka kina cha kilomita mbili na nusu na zaidi. Walikuta saponaiti, ndugu ya smektaiti, nao ulikuwa laini kama ilivyodhaniwa. Mahali hapo mkatiko hutambaa polepole mwaka hata mwaka bila tetemeko kubwa. Hata hapa kwetu mwaka 2007, karibu na Ziwa Natron, vipimo vya kutoka angani vilionyesha mkatiko ulioteleza kwa upole siku kadhaa, kabla mlima Oldoinyo Lengai haujalipuka kwa nguvu.

Mtu asiharakishe kusema kwamba udongo wa mfinyanzi ni kinga. Tarehe 11 Machi 2011 sakafu ya bahari ya Japani iliteleza kiasi cha mita 50, ikaleta tetemeko na gharika. Meli ya Chikyu ilipotoboa mahali hapo mwaka 2012, ilikuta utando wa udongo wenye unene usiofika mita 5, uliojaa smektaiti. Udongo huo, ambao katika mwendo wa polepole huweza kutuliza, katika mwendo wa kasi ulipata joto, maji yake yakabanwa, ukawa mlaini zaidi kuliko kwanza. Hivyo kujua kwamba mkatiko una mfinyanzi hakutoshi. Yapasa kujua ni mfinyanzi gani, una maji kiasi gani, na uko kina gani.

VI. Chita na majirani zake

Maswali haya si ya vitabuni tu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, hupita chini ya ukingo mpaka Mlimba, kisha hupanda kwenda Makambako. Sehemu hiyo ya kupanda ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, na sehemu kubwa ya njia za chini ya milima za reli nzima iko hapo. Kusini-magharibi ya Chita mto Kihansi huanguka kutoka ukingoni, na tangu miaka ya 1999 na 2000 maji yake, yakishushwa kiasi cha mita 850 ndani ya mwamba, huendesha mitambo ya umeme ya megawati 180 iliyowekwa ndani ya mlima. Ulimwengu waijua Kihansi kwa ajili ya chura mdogo aliyetangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Sisi yatupasa kuijua pia kwa mwamba wake, kwa sababu fundi yeyote achimbaye njia chini ya mlima huogopa utando wa mfinyanzi uvimbao kuliko auogopavyo mwamba mgumu.

Tena kuna nyumba. Tarehe 13 Desemba 1910 nchi ya Rukwa ilitikiswa na tetemeko lenye kipimo cha 7.4, lililo mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa katika Afrika kwa karne nzima. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 tu liliua watu na kuangusha nyumba nyingi huko Bukoba. Tofauti kati ya tetemeko la kuogopesha na tetemeko la kuua mara nyingi huwa katika tofali na udongo ulio chini ya tofali, na ardhi ya mchanga na mawe yaliyomwagwa na mito, kama ile ya chini ya ukingo wa Udzungwa, hutikisika kuliko mwamba. Sisemi hayo ili kuwatisha watu wa Chita. Nasema kwamba wana haki ya kuelezwa nchi yao kwa maneno wanayoweza kuyahakikisha kwa macho yao.

VII. Pendekezo

Neno ninalolipendekeza kwa mkatiko ulioteleza ni mteguko, wingi miteguko. Kifundo cha mguu kikiteguka, mfupa haukupasuka wala hapakuwa na nafasi. Pande mbili zilizokuwa zimekaana zimehama mahali pake, na hilo ndilo lililotokea kwa naisi ya Udzungwa. Tena shina la neno ni tega. Mtego uliotegwa huwekewa nguvu kwa kupindwa kijiti, na ukiteguka nguvu ile hutoka mara moja. Mwaka ule ule wa 1910 uliotikisa Rukwa, Harry Fielding Reid, akieleza tetemeko la San Francisco la mwaka 1906, alifundisha kwamba miamba hupindwa polepole na kuweka nguvu, kisha huiachia ghafla. Mtegaji wa porini asingeona ugumu kumfahamu.

Kwa mteguko unaoendelea kuteleza katika zama zetu tungesema mteguko hai. Kwa vipande vyenye pembe, chenga za mwamba. Kwa vilivyosagwa kabisa, unga wa mteguko. Na kwa mwendo wa polepole usio na tetemeko, mtambao. Kwa jamii nzima ya kaolini, ilaiti na smektaiti, madini ya mfinyanzi yatosha. Neno ulanga libaki na maana yake, wala lisibadilishwe kwa neno la kigeni. Ufa ubaki kwa kila kilichofunguka bila kuteleza, na Bonde la Ufa libaki kuwa jina, kwa kuwa jina likishaingia katika shule na ramani halitolewi kwa hoja.

Wengine watasema kwamba mteguko ni neno la waganga wa viungo, halifai elimu ya miamba. Jibu langu ni lile lililokwisha tajwa, kwamba Waingereza na Wafaransa walichukua maneno ya wachimbaji wa makaa wala hawakuona haya. Istilahi iliyotoka katika kazi za watu hubeba maarifa ya kazi hiyo, na istilahi iliyotungwa mezani mara nyingi hubeba karatasi tu. Nawaachia wataalamu wa lugha waipime hoja hii, na nawaomba wachunguzi wa miamba wa Dodoma na wa Chuo Kikuu waipime kwa njia yao wenyewe, yaani kwa kwenda ukingoni, kuutafuta unga wa mteguko pale mito inapoufunua, na kutuambia una mfinyanzi wa aina gani.